Thomas More, Baba Aliyeomba Radhi

Mtu mwenye shauri katika mahakama za Uingereza mwaka 1530 aliweza kuona jambo lililowashangaza hata watu wa siku zile. Katika jumba kubwa la Westminster mjini London, Kansela wa ufalme, mkubwa wa sheria katika nchi nzima na mshauri wa Mfalme Henry wa Nane, alikuwa akipita kwenda kwenye kiti chake cha hukumu. Njiani palikuwa na mahakama nyingine, na miongoni mwa mahakimu wake aliketi mzee mmoja wa miaka mingi. Kansela akimwona mzee huyo amekwisha kuketi, aliingia, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaomba baraka. Mzee yule alikuwa baba yake mzazi, Hakimu John More. Kansela ni Thomas More, ambaye Kanisa Katoliki lamheshimu leo kama Mtakatifu na shahidi wa imani.

Sisi tusemao Kiswahili tuna neno moja lenye maana mbili, nalo ni radhi. Mtoto anayekwenda safari ya mbali huomba radhi ya wazazi wake, yaani baraka. Tena mtoto aliyekosa huomba radhi, yaani msamaha. Kwa Waingereza mambo hayo mawili yana maneno mawili. Lakini katika nyumba ya Thomas More yalikaa pamoja, na kwa sababu hiyo nadhani maisha yake yanafaa kusimuliwa kwetu sisi wazazi kuliko maisha ya watakatifu wengi walioishi jangwani.

Huyo mzee aliyepigiwa magoti hakuwa baba mpole siku zote. Thomas alipokuwa kijana wa Chuo Kikuu cha Oxford alipenda sana kusoma Kigiriki na vitabu vya wenye hekima wa kale. Baba yake, mwanasheria mwenye kuhesabu kila senti, aliona mambo hayo ni kupoteza wakati. Alimnyima mwanawe fedha, hata kijana akakosa pesa ya kutengenezea viatu vyake, kisha akamtoa Oxford na kumpeleka London kujifunza sheria. Basi Kansela alipokuwa akipiga magoti pale Westminster alimpigia magoti mtu aliyemkata njia katika ujana wake. Kama moyoni mwake palibaki chuki, hakuna aliyeiona.

Thomas alizaliwa London mwaka 1478 kadiri ya hesabu ya wengi. Alipokuwa mtoto alitumikia mezani katika nyumba ya Askofu Mkuu John Morton wa Canterbury. Alipokuwa akijifunza sheria aliishi karibu na monasteri ya Wakartusi mjini London kwa muda wa miaka kama minne, akisali na kufunga pamoja nao, akijiuliza kama Mungu alimwita awe mmonaki. Mwishowe aliamua kuoa. Lakini desturi za kule hakuziacha: maisha yake yote alivaa shati gumu la singa chini ya nguo zake za heshima, na binti yake mkubwa, Margaret, ndiye aliyeaminiwa kulifua kwa siri.

Mke wake wa kwanza, Jane Colt, alimzalia mabinti watatu, Margaret, Elizabeth na Cecily, na mwana mmoja, John. Jane alifariki mwaka 1511, na mtoto wa mwisho alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Thomas hakukawia, muda mfupi baadaye alimwoa mjane mmoja, Alice Middleton, mwanamke mwenye ulimi mkali na mikono hodari, aje awe mama wa watoto wale wadogo. Nyumba ilijaa pia watoto wa kulea. Watu wa siku hizo walistaajabu kuona kwamba mabinti walifundishwa Kilatini na Kigiriki sawasawa na ndugu yao. Akiwa safarini kwa kazi za mfalme, baba huyo aliwaandikia barua na mashairi ya Kilatini. Katika shairi moja aliwakumbusha kwamba aliwapa keki na matunda, na kwamba kila alipolazimika kuwachapa alitumia manyoya ya mkia wa tausi. Baba wa leo akicheka, acheke. Lakini wakati ule fimbo ilikuwa mwalimu mkuu katika karibu kila nyumba ya Ulaya.

Nyumba yao ya Chelsea, kando ya mto Thames, ilikuwa na ratiba ya sala kama ya monasteri, ila bila ukali wa monasteri. Jioni, watu wote wa nyumba waliitwa pamoja, wenyeji na watumishi, wakasali Zaburi. Chakulani mmoja wa mabinti alisoma Maandiko Matakatifu, kisha watu wakazungumza juu yake, na baada ya hapo mzaha uliruhusiwa. Ijumaa Kuu wote walikusanyika kusikiliza habari za Mateso ya Bwana Wetu zikisomwa tangu mwanzo hata mwisho. Baba mwenyewe, hata alipokuwa Kansela, alivaa kanzu nyeupe akaimba na wanakwaya katika kanisa la parokia. Rafiki yake, mtemi wa Norfolk, alimkuta hivyo siku moja akaona aibu kwa ajili yake. Thomas hakuona aibu.

Katika nyumba hiyo yenye desturi ya sala Margaret, akiwa na umri wa miaka 19, alifasiri kwa Kiingereza kitabu cha mwalimu mkubwa Erasmus juu ya sala ya Baba Yetu. Kilipigwa chapa. Yafaa tukumbuke kitabu hicho kidogo, maana katika sala hiyo mna ombi ambalo kila mmoja wetu hulisema haraka na kulipita, ombi la kusamehewa kadiri tunavyosamehe. Margaret alilichunguza neno kwa neno kabla hajajua litakavyompasa yeye na baba yake.

Mwaka 1529, baba akiwa safarini na mfalme, moto uliteketeza sehemu ya nyumba na maghala yake yote ya nafaka, na nafaka ya majirani iliyokuwa humo ikateketea pia. Mtu mwingine angetafuta mara moja ni mtumishi gani aliyefanya uzembe. Yeye alimwandikia Alice aende kanisani pamoja na watu wote wa nyumba kumshukuru Mungu kwa alichotoa, kwa alichotwaa na kwa alichobakiza. Kisha aulizie hasara ya majirani wote na kuwaambia wasihuzunike, kwa maana atawalipa, hata kama yeye mwenyewe asingebakiwa na kijiko. Na tena asimfukuze mtumishi yeyote kabla hajajua kwamba amepata mahali pengine pa kukaa.

Lakini mali ni kitu chepesi kusamehe. Jambo zito liliingia kwa mlango wa arusi. Mwaka 1521 Margaret aliolewa na kijana mwanasheria, William Roper, nao wakakaa katika nyumba ya More. Kijana huyu alikuwa mtu wa dini kupita kiasi: alijitesa kwa kufunga na kwa sala nyingi, wala hakupata amani rohoni. Ndipo vitabu vya Luther vikamfikia. Aliviamini kwa moyo wote. Hakuridhika kuamini kimya. Alitamani kuhubiri hadharani, akatangaza mawazo yake bila kujizuia, hata akaitwa mbele ya Kardinali Wolsey. Wenzake walitubishwa hadharani, yeye akaachiliwa kwa onyo tu kwa heshima ya mkwewe. Wala hakumshukuru mkwewe. Wakati ule alimchukia kabisa.

Fikirini hali hiyo, enyi wazazi. Thomas More alikuwa mmoja wa waandishi wakuu waliompinga Luther, na mtu aliyeyashika mafundisho hayo alikuwa akila mezani pake, akilala chini ya dari yake, mume wa mtoto aliyempenda kuliko wote. Alimbishania. Alikuwa bingwa wa mabishano, mwenye elimu na mzaha na ulimi uliozoea mahakama. Hata hivyo hakushinda neno moja. Kadiri alivyobisha ndivyo kijana alivyozidi kuwa mgumu. Basi siku moja bustanini alimwambia Margaret kwamba amemvumilia mumewe kwa muda mrefu, amejadiliana naye na kumpa mashauri ya baba, wala hakuona faida yoyote. Tangu siku ile hatabishana naye tena, bali atamwacha kwa Mungu na kumwombea. Hakumfukuza, wala hakumwambia Margaret achague kati ya baba na mume. Alikwenda kusali.

William Roper alirudi katika imani Katoliki, asiiache tena hata kufa. Mwenyewe alikuwa na hakika kwamba sala za mkwewe ndizo zilizomrudisha.

Hapa yatupasa kusema kweli yote, kwa kuwa Mtakatifu haheshimiwi kwa kufichwa. Baba huyu aliyenyamaza bustanini kwa ajili ya mkwewe hakunyamaza ofisini. Katika vitabu vyake aliwatukana wazushi kwa maneno makali, na katika miaka ya ukansela wake, tangu 1529 hata 1532, watu 6 walichomwa moto kwa ajili ya uzushi. Yeye aliona ni sheria ya nchi na ulinzi wa roho za watu. Karibu watawala wote wa siku hizo, wa kila upande, waliona hivyo. Sisi hatuwezi kuona hivyo, wala Kanisa leo halifundishi hivyo. Nadhani ni halali kusema kwamba njia aliyoifuata nyumbani ilikuwa ya Injili zaidi kuliko ile aliyoifuata kazini.

Mapenzi ya baba huyu kwa Margaret yalijulikana na wote. Ugonjwa wa jasho, uliowaua watu kwa saa chache, ulipomshika binti huyo, waganga walikata tamaa. Baba aliingia katika kikanisa chake, akapiga magoti, akamsihi Mungu kwa machozi. Akiwa katika kusali alikumbuka dawa moja waganga waliyoisahau. Akawaambia, wakaijaribu, na Margaret akapona. Baadaye alisema kwamba kama binti yake angalikufa, yeye asingalijishughulisha tena na mambo ya dunia.

Basi mtoto huyo huyo ndiye aliyekuja kumjaribu vikali kuliko wote. Mfalme Henry alimwacha mke wake Katarina wa Aragon na kumwoa Anne Boleyn. Thomas alijiuzulu ukansela mwezi Mei 1532, akakaa kimya. Mwaka 1534 Bunge lilitoa sheria ya kuwalazimisha watu kuapa juu ya ndoa mpya na urithi wa ufalme, na kiapo chenyewe kiliandikwa kwa namna ya kukataa mamlaka ya Papa. Tarehe 13 Aprili aliitwa kwenda kuapa. Siku zote alipoondoka nyumbani, mkewe na watoto walimsindikiza hata mashuani na kumbusu. Siku hiyo alifunga kilango nyuma yake asimruhusu hata mmoja kutoka. Akaingia mashuani na Roper, akakaa kwa huzuni bila kusema, mpaka akapata ushindi moyoni. Alikataa kuapa. Baada ya siku nne alifungwa katika ngome ya Tower.

Watu wa nyumba yake waliapa. Margaret naye aliapa, ila aliongeza neno la kwamba anaapa kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu. Kisha akamwandikia baba yake barua ya kumsihi aape. Wako wanaosema kwamba aliandika hivyo ili wakubwa waisome na kumpa ruhusa ya kumtembelea baba gerezani, na kweli ruhusa ilipatikana. Lakini baba alijibu kwamba katika mambo yote ya kutisha yaliyoweza kumpata, hakuna lililomwumiza kama kumwona mtoto wake mpenzi akijitahidi kumshawishi aiache dhamiri yake.

Mtoto akafika gerezani. Nasi twajua yaliyofanyika katika chumba kile, kwa sababu Roper aliyaandika baadaye. Kila alipokuja Margaret, kabla ya kusema neno lolote la dunia, baba na binti walipiga magoti na kusali pamoja Zaburi saba za toba na Litania ya Watakatifu. Zaburi hizo si fupi. Mtu mwenye hasira hawezi kuzimaliza zote na hasira yake ingali nzima. Zikiisha, ndipo Margaret alipoleta hoja zake: mkewe, watoto, maaskofu wote walioapa, watu wenye elimu walioapa. Baba alimsikiliza, akatabasamu, akamwita Eva aliyekuja kumjaribu Adamu. Hakuapa. Tena hakumhukumu yeye kwa sababu ya kuapa. Alisema waziwazi kwamba dhamiri ya mtu mwingine si kazi yake. Mabishano yao yaliendelea kwa miezi, na upendo haukupungua hata kidogo.

Alice alikuja naye, akamkemea kwa upumbavu wa kupenda kukaa na panya wakati nyumba nzuri ya Chelsea inamngoja. Tusimcheke mama huyu. Alilipa shilingi 15 kila juma kwa ajili ya chakula cha mumewe na mtumishi wake, akalazimika kuuza nguo zake ili apate fedha hizo. Mumewe alilijua hilo, akamvumilia, akaomba asamehewe na wote ambao kifungo chake kiliwatia umaskini.

Katika pambizo za kitabu chake cha sala mfungwa aliandika ombi refu kwa mkono wake, na humo aliomba neema ya kuwahesabu adui zake wabaya kuwa rafiki zake bora, kwa sababu ndugu zake Yusufu wasingaliweza kumtendea mema makubwa kwa upendo wao kama walivyomtendea kwa wivu wao. Kitabu hicho kingalipo hata leo.

Tarehe 12 Juni 1535 watu wa serikali walikuja kumnyang'anya vitabu na karatasi. Mmoja wao, Richard Rich, alizungumza naye wakati vitabu vikifungwa, kisha akaenda kuapa mahakamani kwamba mfungwa alikana ukuu wa mfalme juu ya Kanisa. Kesi ilisikilizwa tarehe 1 Julai katika jumba lile lile la Westminster, alipokuwa akimpigia baba yake magoti. Thomas alimwambia Rich mbele ya wote kwamba ameapa uwongo. Kusamehe kwake hakukuwa kuuita uwongo kuwa kweli. Miongoni mwa mahakimu waliketi mtemi wa Norfolk, rafiki wa zamani, pamoja na baba na kaka wa Anne Boleyn. Wakamhukumu kifo. Ndipo akawaambia kwamba Mtume Paulo alikubali kuuawa kwa Stefano na kulinda nguo za waliompiga mawe, na hata hivyo wote wawili sasa ni watakatifu mbinguni na rafiki milele. Naye atasali kwa bidii ili yeye na mahakimu wake wakutane huko vivyo hivyo kwa furaha.

Walipomrudisha, Margaret alikuwa akingoja gatini. Alipita katikati ya askari wenye mikuki na mashoka, akamkumbatia baba yake shingoni na kumbusu, naye akambariki. Akaenda hatua chache, asiweze kuvumilia, akarudi mbio akamkumbatia tena, hata wengi waliosimama hapo wakalia. Mwanawe John naye alipiga magoti njiani, akaomba baraka ya baba yake.

Tarehe 5 Julai, akiwa hana kalamu, aliandika kwa mkaa barua yake ya mwisho kwa Margaret. Si barua ya mafundisho. Ni ya baba anayewagawia watoto wake kitu kimoja kimoja: leso kwa Cecily, baraka kwa huyu, salamu kwa yule, na sala yake kwa wote. Alimwambia Margaret kwamba hakupata kumpenda kuliko alipombusu mara ya mwisho, kwa kuwa upendo wa mtoto haukujali heshima ya dunia. Alimsifu John kwa tendo lake. Tena alimkumbusha kwamba mashamba yakimrudia, asivunje wasia kuhusu fungu la dada yake Elizabeth. Shati la singa alilituma kwa Margaret, asiende nalo mahali pa kuuawa likaonekana.

Asubuhi ya 6 Julai alipanda jukwaa, akasali Zaburi ya Miserere, akambusu mnyongaji aliyemwomba msamaha, akampa kipande cha dhahabu. Kichwa chake kilitundikwa juu ya daraja la London. Margaret alikipata akakitunza, akaitwa mbele ya washauri wa mfalme kwa kosa hilo. Alikufa mwaka 1544. Papa Leo wa XIII alimtangaza baba yake Mwenye Heri mwaka 1886, na Papa Pius wa XI akamtangaza Mtakatifu tarehe 19 Mei 1935, pamoja na Askofu John Fisher.

William Roper alibaki mjane. Hakuoa tena. Zaidi ya miaka kumi baada ya kifo cha mkewe aliketi akaandika kwa Kiingereza chepesi yote aliyoyaona katika miaka zaidi ya 16 aliyokaa nyumba moja na mkwewe: magoti ya Westminster, sala za jioni, zaburi za gerezani, kukumbatiana kule gatini. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1626, muda mrefu baada ya kifo chake. Kila anayeandika habari za Thomas More tangu hapo huanza na kitabu cha kijana yule aliyemchukia mkwewe. Roper alifariki mwaka 1578, akazikwa Canterbury katika kanisa la Mtakatifu Dunstan, katika kaburi la ukoo wake, mahali kilipo kichwa cha mkwewe.